Mzee wa karne ya 19 yumo kwenye karatasi, ila si kwa jina unalolitafuta

Ndugu Mhariri,

Kila yanapozuka mazungumzo ya nasaba, iwe gazetini au barazani, hurudi kauli ileile: mzee akishakuwa wa zama za kabla ya Wajerumani na Waingereza, basi hakuna maandishi, tubaki na masimulizi. Si kweli, na ubaya wake ni kwamba watu hukata tamaa kabla hawajafungua jalada hata moja. Maandishi yapo, tena mengi. Makadhi waliandika, mabalozi waliandika, mapadri, makapteni wa manowari, matajiri wa Kihindi na mabwana wa misafara, wote waliandika. Tatizo ni kwamba hakuna hata mmoja wao aliyeandika kwa ajili ya wajukuu. Kila mmoja alikuwa na haja yake. Anayemtafuta mzee aliyezaliwa, tuseme, mwaka 1860, aanze na swali hili: nani alikuwa na haja ya kumwandika mtu kama huyu? Jibu lake ndilo litakalosema uende wapi, uombe daftari gani, na uamini nini katika utakachokikuta.

Nawaandikia hasa wale ambao mzee wao hakuwa liwali wala mwenye mikarafuu. Alikuwa mtumwa, mzalia (aliyezaliwa utumwani), mhuru (mtumwa aliyeachwa huru), mpagazi au mtoto wa misheni. Wenye majina makubwa wana shajara zao, yaani miti ya nasaba, zimetundikwa ukutani, nyingine nzuri kupita kiasi: zinaruka kutoka kwa babu wa mwaka 1900 hadi Shirazi au Hadhramaut bila ya kutia miguu njiani.

Kwanza, msianze na karne ya 19. Anzeni na aliye hai. Ukihesabu kizazi kimoja kwa miaka 25 hadi 30, mtu aliyezaliwa 1960 ana baba wa miaka ya 1930, babu wa miaka ya 1900 na baba wa babu wa miaka ya 1870. Kwa hiyo wa karne ya 19 hayuko mbali kama watu wanavyodhani. Tatizo ni pengo lililopo kati yenu na yeye, na pengo hilo halizibwi na vyeti vya kuzaliwa. Sheria ya vizazi na vifo ya Tanganyika ya mwaka 1920 haikuwalazimisha Waafrika kuandikisha, na Kenya uandikishaji wa lazima ulienea nchi nzima mwaka 1971 tu. Pengo huzibwa na daftari za ndoa za makadhi na makanisa, kesi za mirathi, hati za mashamba na daftari za shule za misheni.

Ukikaa na wazee usiwaulize "tulitoka wapi?" Swali hilo lina jibu lililokwisha kaririwa. Uliza nani alikuwa walii wa bibi, yaani msimamizi wake, siku ya kuozwa. Uliza shamba la babu lilipakana na la nani. Uliza alizikwa kwenye makaburi ya nani. Kwa madhehebu ya Shafi, mwanamke aliyeachwa huru, akiwa hana jamaa wa kiume wa damu, huozwa na aliyemwacha huru au wanaume wa upande wake. Basi ukisikia kwamba bibi aliozwa na bwana wa ukoo mwingine ambaye "alikuwa kama baba yake", hapo umeshika uzi. Jirani wa shamba naye ana thamani yake, kwa sababu hati za zamani hazikuwa na namba za kiwanja. Zilitaja mipaka minne na mwenye kila mpaka. Hati ya jirani inaweza kumtaja mzee wako hata kama hati yake mwenyewe imeliwa na mchwa.

Miaka waliyokuwa wakiihesabu wazee ifungeni kwenye matukio yenye tarehe. Kipindupindu kikubwa cha Unguja ni 1869 na 1870. Kimbunga kilicholaza mikarafuu ya Unguja ni Aprili 1872. Vita vya Abushiri ni 1888 na 1889. Mizinga ya Waingereza juu ya kasri la Unguja ni tarehe 27 Agosti 1896. Njaa kubwa ya mwisho wa karne iliyozigusa sehemu nyingi za bara na pwani iko kati ya 1898 na 1900. Maji Maji ni 1905 hadi 1907. "Alikuwa mtoto wa kuchunga mbuzi wakati wa Abushiri" ni ushahidi bora kuliko umri ulioandikwa kwenye kitambulisho cha mwaka 1950, ambao karani aliukisia kwa macho.

Sasa kalenda, maana hapa ndipo wengi huharibikiwa. Karatasi za makadhi zina mwaka wa Hijria. Zidisha kwa 0.97, ujumlishe 622, utapata mwaka wa Miladi kwa makisio: 1290 inatoa 1873, na kweli mwaka 1290 ulianza Machi 1873. Kwa tarehe kamili tumieni jedwali la kubadilishia au programu ya kalenda, mkikumbuka kwamba siku moja mbele au nyuma ni kawaida kwa sababu mwezi uliandamishwa kwa macho, na kwamba usiku hutangulia mchana: ndoa ya "usiku wa Ijumaa" ilifungwa Alhamisi baada ya magharibi. Hatari kubwa zaidi ni miezi ya mfungo. Mfungo Mosi ni Shawali, Mfungo Pili ni Dhulkaada, Mfungo Tatu ni Dhulhija, na namba ya mwaka hubadilika Mfungo Nne, yaani Muharram. Kwa hiyo "Mfungo Mosi 1290" si mwezi wa kwanza wa mwaka huo, ni wa kumi: mwisho wa Novemba 1873, si Machi. Kosa hilo moja linaweza kumfanya mtoto azaliwe kabla mama hajaolewa, na familia ikaingia kwenye aibu isiyokuwapo. Pia mtu aliyekufa na miaka 70 ya Hijria ana takriban 68 ya Miladi.

Tuje kwenye karatasi zenyewe.

Mtumwa wa karne ya 19 haandikwi kama mtu mwenye ukoo. Anaandikwa chini ya bwana. Kwa hiyo tafuta bwana. Hili huwauma wengi, na wapo wanaolikwepa kwa makusudi. Lakini anayekataa kulitafuta jina la bwana anaifunga njia pekee inayomfikisha kwa mzee. Pale Unguja, kwenye jengo la Nyaraka huko Kilimani, majalada ya ubalozi wa Uingereza (kundi la AA) na ya serikali iliyofuata (kundi la AB) yako sambamba na hati nyingi za madeni na mauzo zilizosajiliwa ubalozini. Kwa nini deni la Mwarabu au Mswahili lisajiliwe kwa Mwingereza? Kwa sababu mdai alikuwa Mhindi aliye chini ya himaya ya Uingereza, naye alitaka mahali pa kushtakia. Ndani ya hati hizo utawakuta wahuru kwa makundi: wakikopa, wakiweka rehani nyumba ya makuti, wakinunua minazi. Huandikwa jina moja, kisha "mhuru wa fulani bin fulani" na nisba ya bwana, yaani jina la ukoo au kabila lake. Penye asili ya Kiarabu, neno la kuangalia ni *atiq* (aliyeachwa huru) au *khadim* (mtumishi) baada ya jina. Makarani walipotafsiri Kiingereza mara nyingine waliliacha neno hilo, na mhuru akageuka mwana wa bwana wake. Ukiona tafsiri peke yake, omba asili.

Kwenye hati hizohizo kuna mtego wa bei ya khiari. Karatasi inasema mzee "ameuza" shamba lake kwa riale kadhaa, na mwaka unaofuata anauza lilelile kwa mtu mwingine. Hakuwa tapeli. Bei ya khiari ni mkopo uliovishwa nguo za mauzo ili kukwepa riba: mwenye shamba "anauza" akiwa na haki ya kulirudisha kwa kulipa ndani ya muda, na wakati huohuo hulipa kodi kwa kukaa kwenye chake. Usikimbilie kusema familia ilipoteza mali mwaka fulani mpaka uone karatasi ya muda kupita.

Mirathi ndiyo hazina ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu mafungu yake ni hesabu, na hesabu haina haya. Mke wa marehemu aliyeacha watoto hupata thumuni, yaani moja ya nane. Asipokuwapo mtoto hupata robo. Wake wawili hugawana fungu hilohilo. Binti mmoja bila kaka hupata nusu. Mabinti wawili au zaidi hugawana theluthi mbili. Sasa chukua karatasi inayosema tu nani alipokea ngapi. Mwanamke mmoja kapokea thumuni, mwingine nusu, na mwanamume wa ukoo tofauti kabisa kapokea thumuni tatu zilizobaki. Wa kwanza ni mjane. Wa pili ni binti wa pekee, na marehemu hakuacha mtoto wa kiume. Wa tatu, kama si jamaa wa kiume wa damu, basi kwa Shafi ni aliyemwacha huru au mwanawe, kwa haki ya *wala*, yaani mfungamano wa mhuru na aliyemwacha huru. Karatasi haikusema popote "huyu alikuwa mtumwa", lakini mafungu yamesema. Ukikuta wanawake wawili wamepokea moja ya kumi na sita kila mmoja, tafuta ndoa mbili. Angalia pia kesi ilikuwa mbele ya kadhi gani, kwani Unguja ilikuwa na wa Sunni na wa Ibadhi, na habari ya nani amrithi mhuru asiye na jamaa hawakuiamua sawa; magomvi ya aina hiyo ndiyo yaliyozaa kurasa nyingi, na kurasa nyingi maana yake mashahidi wengi wanaoeleza nani ni mtoto wa nani. Usizisahau hati za wakfu. Baadhi ya matajiri wa Unguja na Mombasa waliweka nyumba au shamba wakfu kwa wahuru wao na vizazi vyao, na orodha ya wanufaika ilibidi ihuishwe kila walipokufa wa kwanza.

Amri ya Sultani ya Aprili 1897 ya kuondoa hadhi ya utumwa Unguja na Pemba ina karatasi zake, ila watu huitarajia mengi kupita kiasi. Haikumwachia kila mtu huru siku moja. Mtumwa alitakiwa aende mahakamani mwenyewe aombe, na bwana alipwe fidia. Aliyeenda aliandikwa, pamoja na bwana na wilaya. Asiyekwenda, na walikuwa wengi, hayumo. Masuria waliachwa nje hadi 1909. Kwa hiyo kutomkuta bibi kwenye daftari za 1897 si ushahidi kwamba alizaliwa huru. Yawezekana alikuwa suria, au alikaa alipokuwa amekaa. Pwani ya Kenya sheria yake ni ya 1907, nayo pia ilikuwa na madai ya fidia. Mwaka uliofuata ikaja sheria ya hati za ardhi ya 1908, iliyomtaka kila anayedai kipande cha ardhi ukanda wa pwani aeleze kakipataje. Watu wa Mombasa na Malindi wanaipuuza sheria hii kwa kuiona ya mashamba tu. Mle ndani kuna watu wanaotaja baba, babu na ndugu wote ili kuthibitisha urithi.

Upande wa Mjerumani, karatasi kuu ni *Freibrief*, hati ya uhuru iliyotolewa bomani: Tanga, Pangani, Bagamoyo, Dar es Salaam, Kilwa, Lindi na bara. Kwa kawaida inataja jina, kabila, bwana, na namna uhuru ulivyopatikana: kajikomboa mwenyewe kwa fedha, kakombolewa na mtu mwingine, bwana kamwachia, au ofisa kaamua. Namna hiyo msiipuuze, kwani aliyekombolewa na mtu mwingine mara nyingi alikuwa mke mtarajiwa au jamaa. Kanuni ya 1904 ilisema mtoto wa mtumwa atakayezaliwa kuanzia 1906 ni huru, basi ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kuwa na hadhi mbili kwenye karatasi za boma. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza. Majalada ya Kijerumani yaliyobaki nchini yako kwenye Nyaraka za Taifa, Upanga. Ya wizara ya makoloni yako Berlin, kundi la R 1001, na sehemu kubwa inasomeka kwenye intaneti bila malipo. Jiandae na mwandiko: Wajerumani wa wakati ule waliandika kwa mkono wa kizamani ambao hata Mjerumani wa leo asiyefunzwa hausomi. Jifunze herufi zake kwanza kwa jedwali, usikisie.

Kisha kuna waliotolewa majahazini. Manowari za Kiingereza zilikamata majahazi ya watumwa na kuyaleta Unguja, hasa baada ya mkataba wa 1873 wa kuzuia biashara ya watumwa, na meli HMS London ilitia nanga bandarini kuanzia 1874 hadi 1883 kwa kazi hiyo. Mabaharia walilipwa zawadi, ikiwa ni pamoja na pauni 5 kwa kila kichwa. Ona haja ya mwandishi ilivyoiumba karatasi: idadi imehesabiwa kwa makini, wanaume, wanawake, watoto, majina mara nyingi hayapo kabisa. Anayekwenda moja kwa moja kwenye majalada ya biashara ya watumwa, kundi la FO 84, katika Nyaraka za Taifa za Uingereza huko Kew, London, akitarajia jina la babu, atarudi na vichwa 58 visivyo na jina. Njia ni kinyume chake. Anza misheni, upate tarehe ya kupokelewa, kisha uitafute jahazi iliyokamatwa siku chache kabla. Jahazi itakupa bandari ilikotoka na mara nyingine jina la nahodha. Orodha zenye majina zipo kwa makundi fulani, kwa mfano watumwa wa Wahindi walioachwa huru na Balozi Rigby wa Uingereza mnamo 1860 na 1861, kwa sababu pale kila mwenye watumwa alitakiwa awalete waandikwe mmoja mmoja.

Misheni ziko hivi. Wanglikana wa UMCA (misheni ya vyuo vikuu vya Uingereza) walipokea watoto Kiungani na Mbweni, Unguja, na mwaka 1876 Askofu Steere aliwapeleka baadhi ya wahuru wa Mbweni hadi Masasi. Karatasi za shirika ziko Oxford, maktaba ya Bodleian. CMS (Church Missionary Society, shirika jingine la Kianglikana) walikuwa na Rabai na Freretown karibu na Mombasa, kijiji kilichoanzishwa miaka ya 1874 na 1875. Karatasi zao ziko Chuo Kikuu cha Birmingham. Wenye asili ya Freretown wakumbuke kwamba baadhi ya wazee walitoka India, kwenye kituo cha Nasik, na hao wanatafutwa Bombay pia. Mapadri wa Roho Mtakatifu walianza Bagamoyo 1868, nao nyaraka zao kuu ziko Chevilly-Larue karibu na Paris. Wa Karema na mwambao wa Ziwa Tanganyika waelekee kwa Mapadri Weupe, wanaoanza pale 1885, nyaraka zao ziko Roma. Lakini kabla ya Ulaya, ulizeni parokiani. Daftari la ubatizo huwa na nakala palepale, na padri mwenye subira atakuonyesha.

Daftari la ubatizo la mzee mwenyewe kwa kawaida litakuvunja moyo: jina la Kizungu alilopewa, umri wa kukisia kwa meno na kimo, kabila, na penye wazazi pameandikwa kwa Kilatini kwamba ni wapagani au hawajulikani. Usiishie hapo. Kizazi cha pili, mtoto aliyezaliwa kijijini pa misheni, ana baba na mama kwa majina kamili, na daftari la ndoa lina mashahidi, ambao mara nyingi ni watu waliokuja jahazi moja. Kwa Wakatoliki kuna zawadi ya ziada: tangu 1908 sheria ya Kanisa inataka ndoa ya mtu iandikwe pembeni ya ubatizo wake. Basi soma pambizo. Mzee aliyebatizwa Bagamoyo akiwa mtoto na kuoa Tabora akiwa mtu mzima anaweza kuwa ameunganishwa na mstari mmoja mdogo wa wino ulioandikwa ubavuni.

Majina sasa. Juma wa manowari ya Kiingereza ni Jooma. Wa padri Mfaransa ni Djouma. Wa bomani ni Dschuma au Djuma. Kwa hiyo katika faharasa moja yuko chini ya J na nyingine yuko chini ya D. Mabruki wa Mfaransa anaanza sawa lakini anaishia *-brouki*. Chuma wake ni Tchouma. Kwa hati za Kiarabu, kumbuka kwamba waandishi wa pwani mara nyingi waliiacha nuni au mimu (herufi za *n* na *m*) inayotangulia konsonanti na wakaandika *p* kwa herufi ya *b*, hata "Mpemba" akasomeka "Beba". Feruzi, Mabruki, Almasi, Marjani, Songoro, Baraka, Farjala ni majina yaliyopewa watumwa kwa wingi, na majina hayo peke yake hayamtambulishi mtu. Utawakuta akina Mabruki kumi na wanne kwenye msafara mmoja. Ndiyo maana waandishi wa misafara waliwabandika ya ziada: Mabruki wa mpelelezi Mwingereza Speke alibaki akiitwa Mabruki Speke. Na mtu mmoja aweza kuwa na majina matatu. Sidi Mubarak, Myao aliyechukuliwa utumwani hadi India, akarudi Unguja na kuongoza misafara, anajulikana zaidi kama Bombay. Abdullah Susi, mmoja wa waliosafiri na maiti ya Livingstone, alibatizwa 1886 akaitwa David. Anayemtafuta Susi baada ya mwaka huo kwa jina la Abdullah hatompata.

Kwa wajukuu wa wapagazi: orodha za malipo za misafara zimebaki kwa kiasi, na karatasi za Stanley ziko kwenye makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji. Soma safu ya malipo ya mwanzo. Mpagazi akiwa mtumwa, sehemu ya ujira ilikwenda kwa bwana, na jina la bwana huingia hapo.

Kuhusu kabila, nina neno kali kidogo. "Mnyasa" wa karatasi za Unguja au Freretown si kabila, ni mwelekeo. Anaweza kuwa Mchewa, Mmang'anja, Mtumbuka au hata mtu aliyenunuliwa tu njiani na kupitishwa ziwani. "Mmanyema" ni vivyo hivyo kwa upande wa Kongo. "Myao" huenda alikuwa mtumwa wa Wayao, si Myao mwenyewe. Andika kama karatasi ilivyoandika, kisha tafuta cha kuithibitisha: jina la mto, chifu, chale, neno la lugha ambalo bibi alilibakiza kwenye wimbo wa kubembelezea. Vipimo vya vinasaba vinavyouzwa kwa posta vinaweza kukuonyesha binamu wa mbali aliyepimwa pia, na hilo ni jambo la maana. Jina la mzee havitoi, na ramani zao za makabila zinategemea nani wamekwisha pimwa. Vilevile msiliamini kabila la sensa za Unguja za karne ya 20 kwa macho yaliyofumba. Familia moja ilikuwa Waswahili kwenye hesabu moja na Washirazi kwenye nyingine, na hakuna aliyehama nyumba.

Mambo ya ofisini nitayapitia haraka. Nendeni na kitambulisho na barua inayotaja jina, mahali na miaka mnayoitaka. Ombi la "historia ya familia yetu" halina jalada la kuletewa. Ulizeni ada na vibali kabla ya kusafiri. Ingieni na penseli, si kalamu ya wino. Ukipewa ruhusa ya kupiga picha, zima mwanga wa kamera, piga kwanza jalada lenyewe na namba yake, kisha kurasa kwa mfuatano, pamoja na ukurasa unaodhani hauna kitu. Picha isiyo na namba ya jalada haitamsaidia mtu, hata wewe mwenyewe mwakani. Kila jambo liandikwe na mahali lilikotoka, na la masimulizi lisichanganywe na la karatasi, hata yakikubaliana. Yasipokubaliana, yabaki yote mawili.

Na kama mzee hapatikani kote huku, tazameni nje. Waliotolewa majahazini hawakuteremshwa Unguja peke yake. Wengi walipelekwa Shelisheli, Aden na Bombay, na zaidi ya watu 500 walipelekwa Durban kati ya 1873 na 1880, wengi wao Wamakua, ambako wajukuu wao wanaitwa Wazanzibari hadi leo. Walioondoka na mabwana zao kwenda Muscat wanatafutwa Oman, kwenye mamlaka yake ya nyaraka, tena kwa jina la bwana.

Mwisho ni ombi kwa kamati za misikiti, parokia na wenye masanduku ya bibi. Hati ya uhuru, hati ya shamba au msahafu wenye tarehe za vizazi kwenye jalada usipelekwe kupigwa plastiki ya moto dukani. Joto hufifiza wino, na plastiki ile haibanduki tena. Selotepu huacha gundi ya kahawia inayokula karatasi. Ifungeni kwenye karatasi safi nyeupe ndani ya bahasha, mbali na ukuta wenye unyevu, na ipigeni picha pande zote mbili, kwani namba ya usajili, muhuri wa boma na mwaka wa Hijria mara nyingi viko upande wa nyuma.

Wako,
Mfuatiliaji wa nasaba,
Tanga